Bibi Sidonie na Kitabu cha Nyuki

Mchoraji Thévenot alimketisha Bibi Sidonie karibu na dirisha katika gauni lake la hariri ya waridi, akampa kitabu akishike tu, maana Paris siku zile kila mwanamke wa heshima alichorwa na kitabu.

"Kinahusu nini?" Sidonie akauliza.

"Hata sijui, bibi. Nilipenda jalada lake. Nitazame mimi, tafadhali."

Sidonie akamtazama kidogo, kisha macho yakarudi kitabuni. Kilihusu ufugaji wa nyuki, naye alikuwa amefika pale malkia anapoondoka mzingani na nusu ya kundi.

"Bibi, inua uso."

"Subiri, fundi. Nataka kujua wanakwenda wapi."

Thévenot alichoka kumbembeleza, akamchora vilevile, kichwa kimeinama, midomo imeachana kidogo.

Mumewe alipoiona picha alinuna. "Mbona hatazami watu? Watadhani anasoma barua ya mwanamume iliyofichwa kitabuni."

"Ni nyuki," Sidonie akasema. "Ulijua kwamba malkia mzee ndiye anayehama, akamwachia binti yake nyumba?"

Mume akaisogelea picha.

"Kwa nini ahame mzee?"

Sidonie akamvutia kiti.