Sauti Zote za Chedlia

Kidole kimoja huvunja chawa, mradi kijue kurudi. Chedlia aliishi kwa kauli hiyo, na asubuhi ya harusi ya Emna alipiga magoti katika ua wa nyumba moja mjini Sfax, akitafuta tundu la umeme nyuma ya jokofu. Katikati ya ua, juu ya sinia, alilala samaki mkubwa aliyefungwa utepe mwekundu. Bibi harusi angemruka mara saba, na kila mruko hudai kigelegele cha mwanamke mwingine. Zamani wanawake walikuwa tele. Sasa wengine wamehamia Lyon, wengine makaburini, na waliobaki koo zao zimechoka. Ndiyo maana alikodiwa Chedlia, peke yake, na dufu lake na kisanduku cha kukanyaga.

"Hiyo ni kanda?" akauliza Bi Habiba, mke wa mjomba wa bibi harusi.

"Si kanda, mama. Naimba, kisanduku kinaishika sauti, nikikanyaga inarudi na kuzunguka. Kisha naimba nyingine juu yake."

"Kama baklawa. Tabaka juu ya tabaka."

"Kama baklawa."

Mume wa Bi Habiba, Mongi, hakuelewa. Yeye ndiye aliyechagua waimbaji wa tamasha la kiangazi, na alikuwa amemwahidi Chedlia kwamba akimpendeza leo, jina lake litapanda kwenye bango.

"Gitaa liko wapi?"

"Sipigi gitaa, mzee."

"Usinichezee, binti. Visanduku hivi ni vya wapiga gitaa. Nimewaona kwenye televisheni, wote wana ndevu."

"Ndevu nazo sina."

Wanawake wakacheka. Mongi akamwita mwanawe Wajdi, akamketisha kando ya kisanduku na gitaa ambalo halikuwa na nyuzi tangu paka alipozalia ndani yake.

Chedlia akapiga dufu, akakanyaga. Akapiga kigelegele, akakanyaga. Sauti ilipozunguka, kisandukuni akatoka mwanamke mwenye sura ya Chedlia, akapiga kigelegele kilekile, akavuta kiti. Emna akaruka. Kwa tabaka la pili akatoka wa pili.

"Huyo kakalia mkoba wangu," akasema jirani mmoja.

"Huinuka kila mzunguko," akajibu Chedlia. "Mvizie."

Katika tabaka la tatu Chedlia alikohoa, kwa hiyo mwanamke wa tatu alikohoa kila mzunguko, na kila mzunguko Bi Habiba alimpelekea maji. "Pole, mwanangu." Sauti zilipandana mpaka vyungu vikatikisika jikoni. Wenye magoti mabovu walisimama wakacheza. Emna, aliyekwisha kumaliza miruko yake ya desturi, alikataa kuacha. Aliruka tena, viatu mkononi. Hata samaki alianza kupiga mkia, akichelewa kidogo.

"Huyo hana sikio," akasema Bi Habiba.

Ngoma ilipokwisha, Mongi alimbusu Wajdi kwenye paji la uso. "Vidole vya dhahabu!"

"Baba, gitaa halina nyuzi."

"Sikieni unyenyekevu huo." Akawatangazia wageni kwamba bango litaandikwa *Wajdi na Wenzake*. Wageni wakampongeza Wajdi. Mmoja alimwuliza alijifunzia wapi.

Chedlia akalinyanyua gitaa, akapitisha mkono pale ambapo nyuzi zingekuwa. "Sauti ni zangu," akasema mbele ya watu. "Zote."

Ua ukanyamaza, isipokuwa yule wa kukohoa.

"Umemwaibisha mwanangu harusini," akasema Mongi. "Mwombe radhi, nami nitaliweka jina lako chini ya lake. Kwa herufi ndogo."

Chedlia akakanyaga kisanduku, akamjibu, akakanyaga tena. Akatoka mwanamke wa mwisho, akaketi mkabala na Mongi. Kisha Chedlia akachomoa waya, akakipakata kisanduku, akaenda zake na wale wengine, wakiimba barabara nzima. Madirisha yalifunguka walikopita, na mwuza ndimu aliuacha mkokoteni wake akaenda kucheza.

Bango lilibandikwa mji mzima: Wajdi, gitaa, na nyuzi zilizochorwa kwa kalamu. Mwanamke wa mwisho hakuondoka na wenzake. Hadi leo yuko mezani kwa Mongi. Bi Habiba humpakulia kuskusi ya samaki kabla ya kumpakulia mumewe, naye hula vizuri, hufuta midomo, na mzunguko unapofika husema, bila kupandisha sauti:

"Siombi radhi."