Ndoa Namba Arobaini na Mbili

"Mama, ndoa yako haipo," karani aliniambia, bila hata kuinua macho.

"Haipo vipi? Nimeishi nayo miaka ishirini na sita, imenipa watoto watatu na mvi hizi, leo unaniambia haipo?"

"Kwenye daftari haipo."

Ilikuwa Ijumaa, saa nne na robo asubuhi. Ofisi ya wilaya hufungwa saa sita na nusu siku ya Ijumaa, haifunguliwi tena mpaka Jumatatu. Na Jumatatu hiyohiyo, saa tatu, jopo la madaktari wa hospitali kuu lingekaa kuamua kama naruhusiwa kumpa mume wangu figo yangu moja. Vipimo vilikuwa tayari. Damu zetu zinapatana, kuliko hata sisi wenyewe. Kilichobaki ni cheti cha ndoa tu, kwa sababu hospitali haipokei figo ya mtu baki, inaogopa biashara. Mke athibitishe kuwa ni mke. Chetu kilioza zamani, mvua ilipoingia kwenye sanduku la nguo. Nikikosa Jumatatu, jopo halikai tena mpaka miezi mitatu ipite, na daktari alikuwa ameniambia ana kwa ana, "Mama, miezi mitatu siwezi kukuahidi." Toka siku ile usingizi na mimi tulikuwa maadui.

Mume wangu ni fundi viatu, watu humwita Soli. Mimi nashona nguo, huniita Sindano. Wanasema ni kwa ajili ya kazi yangu. Nawajua hao, si kazi, ni mdomo.

Chumba chenyewe kilinuka karatasi zilizonyeshewa. Dirisha moja, kioo kimoja kimezibwa kwa boksi la sabuni. Kabatini daftari zimerundikwa, za juu zimeliwa pembe na panya. Karani, binti wa umri wa kitinda mimba wangu, alikuwa amejifunga kitambaa puani kwa ajili ya vumbi.

"Tafuta kwa jina langu, basi," nilimwambia. "Labda waliandika mke kwanza."

"Nimetafuta, mama. La mume sioni, la mke sioni. Na mwaka una uhakika nao?"

"Binti, mwanamke anasahau vyote, mwaka alioolewa hasahau."

Akavuta pumzi, akaligeuza daftari upande wangu ili nione mwenyewe. Ndoa namba arobaini na moja ilikuwapo. Iliyofuata ilikuwa arobaini na tatu. Katikati kulibaki kipande chembamba cha ukurasa uliokatwa kwa wembe, umekatwa vizuri kabisa, na kwenye kipande hicho mtu ameandika herufi P kwa penseli.

"Nani kakata?"

"Mama, mimi nilikuwa sijazaliwa."

"Sasa nifanyeje?"

"Andika barua ya maombi. Tutaipeleka makao makuu, wataangalia nakala yao. Wiki sita hivi."

"Wiki sita nitakuwa mjane!" Sikukusudia kupiga kelele, lakini nilipiga. Waliokuwa kwenye benchi la nje wakachungulia. Karani akashusha kile kitambaa chake, na kwa mara ya kwanza akanitazama vizuri usoni.

Kelele zile ndizo zilizomleta tarishi, mzee mwembamba mwenye fagio mkononi. Alilitazama lile daftari kwa mbali tu.

"Hiyo P ni pingamizi," alisema. "Mkuu wetu wa zamani ndivyo alivyokuwa. Tangazo la ndoa likibandikwa ubaoni zile siku ishirini na moja, na mtu akaleta pingamizi, basi ukurasa wa ndoa hiyo unakatwa, unawekwa pamoja na karatasi za pingamizi. Hata kama ndoa ilifungwa. Ziko kwenye kabati la kijani, chumba cha nyuma."

"Yangu haikupingwa," nilisema.

"Mama, kama ina P, ilipingwa."

Haikupingwa, na mimi ndiye nijuaye. Baba yangu alikuwa karani wa mizani kwenye kituo cha kununulia pamba, mtu wa kalamu sikioni, na nilipomwambia nataka kuolewa na fundi viatu alisema binti yake hataolewa na mtu anayekaa chini kando ya barabara. Hakutaka hata kumwona. Aliapa atakwenda kuipinga ndoa kwa maandishi. Ndiyo maana tukaja kuoana huku ofisini, mashahidi wawili, mimi na gauni nililojishonea. Msajili alipouliza kama kuna mwenye pingamizi, niligeuka nikautazama mlango. Jamani, nilitamani aingie! Aingie apinge, atukane, lakini aingie. Hakuingia. Nikasema moyoni, kumbe hata kupingwa sistahili. Hatukusemezana tena. Miaka minne baadaye alifariki, nikaenda kuzika peke yangu, kwa kuwa ndugu zake hawakutaka kumwona Soli. Nilisimama nyuma ya watu wote, na sikulia. Nilikuwa nimemkasirikia mno.

Ufunguo wa kabati la kijani alikuwa nao mkuu wa ofisi, na mkuu alikuwa kwenye mkutano upande wa pili wa mji. Tarishi akapanda baiskeli. Saa nne na nusu. Saa tano. Nilikaa kwenye benchi, nikasimama, nikakaa. Simu ikaita, ni Soli, kitandani kwake hospitali.

"Umekipata?"

"Wanakiandika," nilimdanganya. "Umekula?"

"Nimekula. Sindano, usigombane na watu huko."

"Nani kagombana?"

Saa tano na dakika arobaini tarishi akarudi, jasho linamtiririka. Kufuli likagoma. Akalipiga kwa kisigino cha kiatu, mara tatu, likaachia. Karani akaingiza mikono, akatoa majalada moja baada ya jingine, akipuliza vumbi, na mimi nimemsimamia mgongoni huku nikimpumulia shingoni, maskini ya Mungu, na hakulalamika. Namba arobaini na mbili ilikuwa ya saba.

Kabla sijasoma neno niliujua mwandiko wa baba. Tarakimu ya saba aliikata kwa kistari katikati, kama alivyoandika uzito wa magunia.

Karani alisoma kimya, kisha akasema polepole, "Mama, baba yako alipinga. Siku ya kumi na tano ya tangazo. Kama pingamizi halikuamuliwa, mimi cheti siwezi kutoa. Na ndoa yenyewe…"

"Ndoa yenyewe nini? Sema!"

"Inawezekana si ndoa."

Nilishika ukingo wa meza. Nikamwona Soli kwenye kile kitanda cha chuma, na mashine ile inayomsafisha damu, na Jumatatu inakuja. Nikasema kwa sauti, mbele ya watu, "Baba, hata leo? Hata leo hujachoka?"

"Subirini kwanza," tarishi alisema. "Geuza. Nyuma kuna nyingine."

Ilikuwa nusu karatasi, mwandiko uleule, ya siku ya ishirini. Karani akanisomea, maana macho yangu yalikuwa yamejaa.

"Mimi niliyeleta pingamizi siku ya kumi na tano ya tangazo, leo naliondoa. Nilimpelekea kijana huyo viatu vyangu, yeye hanijui. Nilipovifuata, alikataa kunipa cha kushoto. Alisema uzi wake haukumridhisha, nirudi kesho. Nilirudi, nikakuta amefumua wote na kuushona upya, wala hakudai zaidi. Mtu wa namna hiyo anaweza kuishi na binti yangu, ambaye ni mkali. Naomba binti asiambiwe kwamba nilifika hapa. Nitamwambia mwenyewe."

Chini yake msajili alikuwa ameandika: Pingamizi limeondolewa, ndoa ifungwe. Saini na muhuri. Na nyuma ya hiyo, ukurasa wetu uliokatwa, jina la Soli na langu.

Karani alichukua fomu ya cheti, akaandika kwa haraka lakini kwa mwandiko mzuri, akagonga muhuri mara mbili ili wino ukolee. Saa sita na dakika ishirini. Ile nusu karatasi aliniruhusu niipige picha kwa simu, picha mbili zikatoka kidole tupu, ya tatu akaipiga yeye.

Nilikaa kwenye ngazi za nje nikampigia mume wangu.

"Cheti ninacho mkononi."

"Sasa mbona unalia?"

"Unamkumbuka mzee mmoja, kabla hatujaoana, aliyekuletea viatu, cha kushoto ukakifumua chote?"

"Yule wa kalamu sikioni? Nimsahau vipi! Alikuwa mteja wangu miaka minne. Kila baada ya miezi miwili mitatu analeta viatu, vingine havina ubovu wowote. Halafu akapotea, sijui aliishia wapi."

Nikajifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Mzee wa vituko yule," Soli aliendelea. "Kila akija, kabla hajakaa, swali ni hilohilo: 'Huyo mkali wako hajambo?' Nikawa najiuliza, huyu kajuaje kama mke wangu mkali? Nikasema basi, sifa zako zimefika mbali." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi.

"Ulikuwa unamjibu nini?"

"Ukweli. Kwamba hajambo, na ukali uko palepale. Anafurahi, anakwenda zake. Kwani vipi? Ni nani yule?"

Nilitaka kumwambia, pumzika, nitakusimulia nikifika. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Kisha nikaikumbuka ile nusu karatasi, na lile 'nitamwambia mwenyewe' la baba, nikamwambia palepale.