Taa za Mheshimiwa

Mheshimiwa alikuwa kinyonga, na jina hilo alipewa kwa tabia yake ya kubadili rangi kila alipoona wageni. Mwenye kinyonga huyo alikuwa binti wa miaka kumi na sita, aliyekuwa akienda bweni kwa mitihani ya wiki tatu. Mama mtu akimwona mnyama huyo hupanda juu ya kiti, hivyo binti hakuwa na budi ila kumgeukia baba yake wa kambo.

"Mzee, baridi inaanza," alimwambia mlangoni, begi mgongoni. "Mtafutie taa na joto. Hapo dirishani ataganda."

Mwaka mzima waliokaa nyumba moja, hilo ndilo jambo la kwanza alilomwomba, ukiacha kumsogezea chumvi mezani. Mzee alikwenda kazini kifua mbele.

Kazi yake ilikuwa kutotolesha na kulea vifaranga. Joto alilijua hata bila kipimajoto: wakirundikana wana baridi, wakikimbilia pembeni wanaungua, wakitawanyika sawasawa mambo ni shwari. Miaka ishirini na mbili ya kazi hiyo, nani amfundishe habari za taa? Hakuuliza mtu. Alitafuta sanduku la kioo, akalifunika kwa kioo upepo usipenye, akaning'iniza taa nyekundu ya vifaranga na kuiacha iwake usiku na mchana, joto lienee kila kona.

Siku ya tano Mheshimiwa alifumba macho mchana kweupe na kugoma kula panzi. Mtaalamu wetu akaona ni baridi, akaleta taa kubwa zaidi. Kesho yake kinyonga alianguka kutoka tawini. Mzee alishikwa na hofu ambayo hakuwahi kuipata hata mashine ilipomharibikia na mayai elfu moja ndani. Mnyama huyu akifa, yule mtoto hatamwomba kitu tena maisha yake yote.

Alibeba sanduku kwapani hadi kazini, maana siku hiyo daktari wa mifugo alikuja kuchanja. Daktari alichungulia, akaguna.

"Mzee wangu, huyu umemfanya kifaranga."

"Si joto ni joto, daktari?"

"Kifaranga unampimia wewe. Huyu anajipimia mwenyewe. Mpe upande wa joto na upande wa baridi, achague. Usiku zima taa zote alale; hapo umemkesheza siku sita! Halafu kuna taa ya miale kama ya jua. Bila hiyo mifupa yake italegea, na kioo kinaizuia. Weka wavu."

Mzee hakubisha, jambo ambalo wenzake kazini walilizungumzia wiki nzima. Alitengeneza kizimba cha wavu, kirefu cha kumfika kifuani. Juu, kona moja, alifunga balbu ya kawaida, tawi likiwa chini yake shubiri moja. Kando yake ikakaa ile taa ya miale. Upande wa pili aliujaza majani na kivuli, akanyunyizia maji. Kisha akakaa kwenye kigoda akimtazama kiumbe asiyejua maana ya haraka. Siku ya tatu Mheshimiwa alipanda hadi penye joto, akaota moto kidogo, akarudi kivulini. Siku ya nne alikula panzi wawili. Mzee alimpigia daktari simu kumweleza, akamkuta anachanja ng'ombe.

Binti aliporudi alikuta mnyama wake kijani kibichi, macho yakizunguka kila upande. Akatabasamu. Mzee angeweza kunyamaza. Mheshimiwa hana mdomo wa kumchongea. Lakini tabasamu lile lilimchoma.

"Nilikaribia kumuua," alisema. "Nilijifanya najua." Akamsimulia yote, hata kuanguka tawini.

Binti alisikiliza mkono ukiwa kwenye wavu. Kisha akapaza sauti kuelekea jikoni.

"Mama! Nikirudi shule, Mheshimiwa anabaki na Mzee."

Halafu akavuta kigoda cha pili, akamgeukia.

"Haya, nionyeshe taa ipi unazima kwanza."