Huyu Si Mwanangu

Jumamosi ile mchana, Dada alirudi na ndoo ya maji akakuta mlango umefungwa kwa ndani. Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Jina alilopewa lilikuwa jingine, lakini tangu mdogo wake azaliwe, nyumba nzima ilimwita Dada. Huyo mdogo, wa miaka miwili, walimwita Kitumbo, maana alikula chake na cha mwenzake.

Aligonga. Mama yao, fundi cherehani, alimvuta ndani akafunga tena, ufunguo akautia kifuani. Alikuwa hajalala siku tatu. Mapazia alikwisha kuyashona katikati ili majirani wasichungulie.

"Wamembadilisha," alinong'ona.

"Nani, Mama?"

"Mwanangu. Huyu si mwanangu. Mtazame masikio."

Kitumbo alikuwa ameketi kwenye vipande vya vitambaa, anatafuna chaki ya kuchoria nguo. Mama alikuwa ameshika ule mkasi mkubwa wa kukatia suti.

Kubishana hakufai, alijua. Juzi alibisha kuhusu majirani, Mama akamrushia pasi, ikampita sikioni.

"Ndiyo, Mama," alisema. "Hata mimi nimeona. Si yeye."

"Umeona?"

"Nimeona. Nipe nimrudishe kwa wenyewe, nimdai wetu. Wakikuona wewe watamficha."

Mkasi ulifunguka, ukajifunga. Kitumbo akainua mikono: "Mama, beba." Mama akaruka nyuma kama aliyeona nyoka.

"Mtoe! Upesi, kabla hawajahama!"

Dada alimbeba mgongoni, Mama akafungua mlango, naye akatoka akitembea. Kukimbia kungemshtua Mama. Alipopinda kona tu, mguu niponye. Kitumbo alicheka njia nzima, akidhani ni mchezo.

Dada alipomweleza yote, shangazi yao, dobi, aliacha nguo za watu kwenye beseni.

"Tangu lini?"

"Mwezi. Niliogopa mtatutenganisha."

"Mficha maradhi, kilio humfichua, mwanangu! Ungeniambia!" Akamkumbatia kwa mikono yake yenye povu.

Shangazi alikwenda kwa Mama na muuguzi wa zahanati, Dada akiwafuata. Mama hakupigana. Alipopita kwenda kwenye gari la hospitali alimuuliza Dada, "Umempata?"

Wiki zile za hospitali watoto walilala kwa Shangazi. Siku moja Dada alimuuliza muuguzi kile kilichomnyima usingizi: "Na mimi nitaugua hivyo?"

"Sijui," muuguzi alisema. "Ninachojua ni kwamba si wewe uliyemfanya augue. Na ukiona dalili, njoo kwangu. Mzigo huo si wako peke yako."

Mama alirudi amekonda, maneno yake mazito kwa dawa. Kitumbo alimrukia mapajani. Mama alimtazama usoni, akatazama tena, muda mrefu mno.

"Nilikuogopesha," Mama alisema bila kugeuka.

"Ndiyo, Mama."

"Hata mimi najiogopa." Akaiondoa mikono yake mgongoni mwa mtoto. "Mwite shangazi yako aje akae hapa. Msiniache naye peke yangu. Bado sijapona."

Dada alipaza sauti palepale aliposimama, akamwita Shangazi aliyekuwa nje, bila kumwacha Kitumbo na Mama.