Marehemu Mofizul Yuko Zamu

Katika meli yetu ya utafiti hajawahi kufa mtu. Muulize yeyote pale gatini Chattogram. Bango la kujisifia hivyo limeandikwa kwa rangi ya kijani, na mimi, Tutul, fundi wa mitambo, ndiye niliyelipaka.

Asubuhi aliyozama fundi mwenzangu Mofizul, bahari ilikuwa shwari na mpishi alikuwa anakaanga paratha. Mofizul alikuwa ameinama ukingoni, anavuta ndani ile fremu ya chupa za kuchotea maji ya kilindini. Kebo ya winchi inayoivuta ikaruka, ikamzoa. Hakuwa na mkanda wa usalama. Wakala wa meli alikuwa akiahidi mikanda tangu Idi iliyopita. Tulimtafuta hadi adhuhuri, kisha wanasayansi wakasema ratiba imechelewa.

Kesho yake fremu ilipopandishwa, Mofizul alikuwa amening'inia hapo kwa mkono mmoja. Akashuka, akakamua ovaroli, akaanza kufungua chupa kama kawaida. Maji yalimtiririka masikioni bila kukoma. Mtu akamsogezea ndoo.

"Umechelewa, kaka," mpishi akamwambia. "Paratha zimekwisha."

"Sina njaa."

"Basi hiyo ndiyo faida yako."

Wakala naye aliiona faida. Mtu hali chakula, halali usingizi, na aliyekwisha kuzama hazami tena. Mkanda wa nini? Agizo la mikanda likafutwa, hata kwa sisi tunaozama.

Taabu ilibaki kwa mkewe, Rahela. Alitaka kumfanyia arobaini na mezbani, karamu ya nyama ambayo marehemu wa Chattogram akiikosa, majirani humsema hadi kaburini. Ng'ombe alikuwa kafungwa uani tayari, anamaliza majani ya watu. Imamu alikuja naye gatini, akatoa salamu, Mofizul akaitikia vizuri kabisa.

"Binti yangu," imamu akasema, "nitamswaliaje mtu anayeniitikia?"

"Waambie watu wa wakala waandike nimekufa," Mofizul akamwambia mkewe. "Jina likiwa bado kwenye orodha ya zamu, siwezi kuondoka. Nimechoka."

Rahela akapanda sitahani kumkabili meneja wa wakala, Bwana Mahtab.

"Mume wangu amekufa. Andika."

"Amekufaje, dada? Si yule pale anapaka winchi grisi?"

"Anavuja masikio!"

"Ndiyo mabaharia hao. Wenzake walimkosa tu, kuzama hawakumwona. Nitajie mmoja aliyeona, nitaandika sasa hivi."

Rahela akanigeukia. "Shemeji Tutul, mlikuwa zamu moja. Sema, mwenzio apumzike."

Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi ule. Nikajikuna kisogo. "Mimi nilikuwa chini, shemeji, naunganisha nyaya. Labda tuwaulize samaki."

Mabaharia wawili wakacheka. Mofizul akaweka chini kopo la grisi.

"Tutul, tuliangaliana," akasema. "Ulinyoosha mkono, halafu ukaurudisha."

Bwana Mahtab akachangamka. Mtu anayekumbuka hivyo, akasema, ni mzima wa afya. Akaagiza aongezewe zamu ya usiku. Mofizul akaokota kopo lake, akarudi kwenye winchi, maji yakimfuata sakafuni. Mtu akasogeza ndoo.

Rahela alimpa meneja kisogo. Alikuwa ananitazama mimi.

"Kumbe ulikuwepo," akasema.