Samadi Kwenye Matuta ya Mke Wangu

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, wala simsingizii mtu.

Mke wangu ana matuta ya mboga nyuma ya banda langu la kuku. Mimi kuku mmoja akipiga chafya, namimina antibayotiki kwenye maji ya banda zima. Yeye samadi yangu hakuitaka hata kuiona. Alirutubisha kwa majani yaliyooza. Ndiyo maana kijana mmoja mtafiti wa udongo akampenda. Samahani, akayapenda matuta yake. Alitaka shamba lisiloguswa na dawa, alilinganishe na mengine.

Kijana akawa haishi kuja. Wanachuchumaa bega kwa bega, wananusa udongo kama watu wanaochagua manukato.

"Dada, udongo wako hauna mfano!"

Mke wangu anacheka mpaka anashika kiuno. Mimi nikipita, kijana ananichangamkia: "Shemeji, habari za kuku?" Shemeji! Undugu huo alipewa na nani?

Roho ikaniuma. Nikajiambia, udongo ukiharibika atahamia kwingine. Mama watoto alipokwenda sokoni, nikafukia samadi mbichi ya kuku wangu kwenye matuta yote, nikasawazisha juu kama fundi wa sakafu.

Wiki kadhaa baadaye kijana akaja na majibu ya maabara, uso umemshuka.

"Dada, bakteria wa udongo wako wamekuwa sugu. Tunawawekea dawa, wananenepa kama tumewapa uji."

"Wangu? Sijawahi kutia dawa hapa!"

"Jeni za usugu hupeana wao kwa wao. Wa samadi akikutana na wa udongo anamgawia, hata kama si ukoo mmoja."

Nikajikohoza. "Pole, bwana mdogo. Basi utatafuta shamba jingine."

"Wapi, shemeji! Sasa nitakuja kila wiki, nione usugu unavyosambaa."

Mke wangu akachimba kwa kidole, akaibuka na unyoya mwekundu wa kuku. Akaufumbata kiganjani mpaka mgeni alipoondoka.

"Udongo nilioulea miaka yote! Nimekukosea nini?"

"Unamchekea mno yule."

"Si ungeniuliza?"

"Ningeanzia wapi, mama?"

"Bakteria hawana mdomo, na wakikutana wanapeana walicho nacho. Wewe na mdomo wote huo, ukaona uniletee mavi."