Nyama ya Katikati

Kila Ijumaa baada ya sala, watoto wa kiume wa Bi Mwatum walikula sinia moja kwa mama yao, kwenye nyumba aliyoacha marehemu baba yao huko Kiponda. Mbarouk, mkubwa wao, mwenye duka la vipuri vya magari Darajani, alikaa mgongo ukutani. Suhaib, wa kati, alikaa kuliani kwake. Kheir, kitinda mimba, mwalimu wa bayolojia kwenye skuli moja ya Ng'ambo, alikaa palipobaki, na palipobaki siku zote ni mlangoni, penye viatu.

Kheir alisifiwa na ukoo mzima kwa adabu yake ya kula. Alikula kilichoko mbele yake, hakuvuka upande wa mwenzake, na nyama ya katikati hakuigusa mpaka asukumiwe. Waliomsifu hawakujua, au walishasahau, kwamba adabu ile alifunzwa kwa meno. Alipokuwa mtoto mdogo alinyoosha mkono kuchukua kipande cha nyama, na Mbarouk, ambaye wakati huo alishaota ndevu, akainama akamng'ata kidole mpaka damu ikaingia kwenye wali. Baba yao alicheka mpaka akapaliwa. Mama alimfunga kitambaa, akauchota wali wenye damu akautupa, akalirudisha sinia, na watu wakaendelea kula. Alama ile ipo mpaka leo, na Kheir akiandika ubaoni wanafunzi wa mbele huiona.

Ijumaa hii kulikuwa na jambo zaidi ya pilau. Mtu mmoja alitaka kuinunua nyumba aifanye hoteli, na warithi wote walishakubali isipokuwa Bi Mwatum. Hata dada yao, Mwanapili, alikubali, ingawa mwanzo alikataa. Alipokataa, Mbarouk alipita kwa jamaa, nyumba hadi nyumba, akisema dada yake alikuwa akiiba dawa za baba yao alipokuwa mgonjwa na kuziuza. Ulikuwa uongo mtupu, na Mbarouk alijua kuwa ni uongo. Mume wa Mwanapili aliziba masikio kwa muda, kisha akachoka na aibu, akamwambia mkewe atie saini au arudi kwao. Akatia. Tangu siku hiyo hajakanyaga Kiponda.

Alibaki mama. Bi Mwatum aliletwa katika nyumba ile akiwa bi harusi kutoka Paje, akazaa humo watoto wake wote, na mumewe alifia chumba cha nyuma. Alitaka kitu kimoja tu, naye afie humo. Asubuhi ile alimpigia simu Kheir.

"Sitaki unigombanie na ndugu zako," alimwambia. "N'nataka useme neno moja tu, mama hataki. Nikimsikia hata mmoja wenu kasema hivyo, sitii dole. Peke yangu siwawezi, mwanangu. N'shakuwa mtu mzima."

"Inshallah, mama," alisema Kheir, na inshallah ile ilikuwa ya fundi cherehani siku mbili kabla ya Idi.

Walipoketi, Suhaib alikalia kitu kigumu, akakitoa chini ya paja. Lilikuwa dinosaria la plastiki, la watoto wake, lile la kichwa kikubwa na meno ya msumeno. Mbarouk alilichukua, akaligeuzageuza kwa mkono wenye mafuta.

"Mwalimu," alisema, "hebu tufaidi na sisi mshahara unaolipwa. Jitu zima hili, mikono mbona kama ya mtoto mchanga?"

Kheir alifurahi kuulizwa. Hilo ndilo lililokuwa balaa lake, alikuwa na kiu ya kusikilizwa na watu wale.

"Wataalamu hawajaafikiana," alisema. "Wengine wanasema kichwa kilizidi kukua, mdomo ukafanya kazi yote, mikono ikakosa kazi. Mmoja ana dhana nyengine. Anasema huenda walikuwa wakila pamoja, wamezunguka mzoga mmoja, na wote wana midomo mikubwa. Ukinyoosha mkono hapo katikati, mwenzako anaukata bila hata kukusudia. Damu inakutoka, jeraha linaoza, unakufa. Wenye mikono mifupi wanabaki, wanazaa. Dahari na dahari mikono ikazidi kuwa mifupi."

"Kwa hivyo huyu mwoga," alisema Mbarouk.

"Mwoga, lakini mzima."

Suhaib alicheka. Mbarouk hakucheka. Alilitia dinosaria mdomoni, akaung'ata mkono mmoja wa plastiki mpaka ukakatika, akautema ukingoni mwa sinia, upande wa Kheir. Kisha akaendelea kula kama mtu aliyetema mfupa wa samaki.

Bi Mwatum aliingia na bakuli la kachumbari, akakaa nao. Kama kawaida yake alichambua nyama ya katikati, akamgawia kila mtoto fungu lake, na la Kheir likawa kubwa kidogo. Suhaib akatoa karatasi ya wakili mfukoni mwa kanzu, na kidau cha wino.

"Mama, leo tuyamalize," alisema Mbarouk. "Utakaa kwetu kwa zamu. Utalelewa kama yai."

"Nyote mnasema hivyo?" aliuliza Bi Mwatum. Alimtazama Suhaib, naye akaitika. Kisha akamgeukia kitinda mimba wake. "Na wewe, Kheir, wasemaje?"

Neno lilikuwa pale pale, mama hataki. Mtoto wa darasa la kwanza angeliweza kulisema. Kheir alilihisi ulimini kabisa. Lakini alimwona Mbarouk ameacha kutafuna, anamngoja, na akamkumbuka Mwanapili, na nyumba yake mwenyewe isiyoezekwa, na yale ambayo Mbarouk angeweza kuyazungusha mjini kuhusu mwalimu anayefundisha watoto wa kike. Akautazama ule mkono wa plastiki. Aliogopa, na alijichukia kwa kuogopa, na kujichukia huko hakukumsaidia mtu.

"Mimi," alisema, "kama wenzangu."

Bi Mwatum hakulia. Alitoa mkono wake wa kulia, umejaa mafuta ya pilau, akauweka juu ya busati kama kitu kisicho chake. Mbarouk alimfuta dole gumba kwa mkono wa kanzu yake, taratibu, kwa mapenzi kabisa, akalibonyeza kwenye wino. Feni ikaipeperusha karatasi.

"Ishike hiyo," alisema Mbarouk.

Na Kheir, ambaye tangu ang'atwe kidole hakuvuka upande wa mwenzake, alinyoosha mkono wake mzima mzima juu ya sinia, akaishika karatasi isitikisike mpaka mama yake alipomaliza kutia dole. Hakuna aliyemng'ata. Mbarouk hata alimpigapiga begani.

Zamu zenyewe hazikufika mbali. Mke wa Mbarouk alisema mkwewe anakohoa sana. Kwa Suhaib watoto walikuwa wengi. Kheir alipata fungu lake la fedha, akaezeka, na chumba cha uani kilikuwa tupu, lakini alisema bado hakijapigwa plasta, akaendelea kusema hivyo hata plasta ilipokauka, kwa sababu hakuweza kufikiria kuamka kila siku na kukutana na macho yale. Bi Mwatum akarudishwa Paje, kwa mpwa wake Saadiya, mkulima wa mwani, kwenye nyumba alimotolewa mwenyewe akiwa bi harusi.

Kheir alikwenda kumtazama baada ya Idi, na mchele na kanga. Alimkuta amekonda, lakini anacheka na Saadiya. Alimwamkia, akaitikiwa marahaba kwa sauti ile ile ya zamani, akapata matumaini kwamba yamekwisha.

Mchana Bi Mwatum alimwandalia mwenyewe. Alileta sinia kubwa, la watu wanne, pilau limejaa mpaka ukingoni na nyama yote imerundikwa katikati, akaliweka mbele yake peke yake. Hakumgawia. Aliketi mbali, mgongo ukutani, akafunika mikono yake kwa kanga.

Kheir alianza kula kilichoko mbele yake. Alikula wali mtupu, tonge baada ya tonge, mpaka mbele yake pakaonekana bati, na nyama bado iko pale pale.

"Nyoosha mkono, mwanangu," alisema Bi Mwatum kwa upole. "Hapa hapana mtu wa kukung'ata."